Jani la Rabarba

Ylva, mbona hupokei simu? Basi soma. Niko hospitali.

Ni Tuva, yule kiziwi mdogo kuliko wote darasani kwangu. Amekula jani la rabarba. JANI, Ylva! Shina ndilo linaloliwa, jani ni sumu, nani asiyejua?

Tuva hakujua. Na mwalimu wake ni mimi. Tulikuwa kwenye bustani ya shule, nikachovya shina lile jekundu, chachu, kwenye sukari, nikatafuna, kisha nikaonyesha mmea mzima kwa kidole na kuashiria: "Hii inaliwa." Habari ya majani sikuigusa kabisa.

Nikaenda kuchota maji. Narudi na ndoo mikono yote miwili, namwona anachovya jani kwenye sukari.

Unajua nilifanya nini? Nilipiga kelele. "Tuva, tema!" Nilipiga kelele, Ylva, kwa watoto viziwi! Jirani wa ng'ambo ya ua akageuka. Watoto wangu, hata mmoja hakugeuka. Nikapiga tena, ndoo bado nimezing'ang'ania kama mwehu, na mtoto akameza.

Ametapika sana. Daktari anasema tusubiri, anaogopea figo.

Sasa hivi amefika Malin, mama yake, naye kiziwi vilevile. Nikamweleza kwa ishara kwamba niliita, niliita mno. Akanitazama, akaniuliza polepole kwa vidole vyake: "Mikono yako ilikuwa wapi?"

Ylva, bado amesimama mbele yangu anasubiri jibu, na mimi mikono yote miwili nimeshika simu.