Bufu ya Mto Kuja

Nyakwara, mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Awendo tuko salama, miwa imekomaa, na nyanya yako anakusalimu huku akicheka swali lako. Unasema huko Sagana mnaita "bufu" lile pigo moja la kasia kwenye ukingo wa maporomoko, ili pua ya kayaki iinuke na itue kwa tumbo. Hata mtu akifaulu mtihani, mnasema amepiga bufu. Unauliza utaliwezaje, na mwili wote unataka kurudi nyuma.

Mimi nilifundishwa na mama mkwe. Nilikuwa bado naposa, nikamvusha Mto Kuja kwa mtumbwi, yeye mbele, mimi nyuma. Kwa mila yetu mama mkwe hatazamwi, basi nikakazia macho matete ya kando kwa adabu nyingi, hata nisione mkondo ukitupeleka kwenye mwamba unaoangusha maji.

Akageuka. "We kijana, niangalie! Kasia!"

Nikainama mbele, nikavuta mara moja kwa nguvu zote. Mtumbwi ukaruka, ukatua: bufu. Sauti ni hiyo hiyo. Tukaloa chapachapa. Mama akajifunika uso kwa leso, nikajua ndoa imekwisha, mpaka nilipoona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Tangu hapo, kila aliposikia nimesitia jambo, alimtuma binti yake na neno moja tu: kasia.

Juzi nilifika mlangoni kwa daktari wa meno, nikarudi hatua mbili. Nyanya yako akanitazama. "Kasia," akasema.

Ni mimi babu yako, sasa mwenye pengo moja.