Daftari Lililosema Amiba

Mwanangu Aikande,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja ulipoanza kuhara damu, mwaka ule baba yako alipong'oa mibuni akapanda nyanya. Nilikugombeza. Nikasema umekula mapera mabichi tena, asiyesikia la mkuu ndiyo haya. Ukanijibu, "Mama, sijala pera hata moja." Sikukuamini. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Tukateremka zahanati. Nesi hakukugusa hata tumbo. "Amiba hiyo, mama Aikande. Huku watoto wote wana amiba." Akatupatia vidonge. Ukapata nafuu wiki mbili, damu ikarudi, nasi tukarudi. Amiba. Mara tisa, Aikande! Na mimi nyumbani nikakushikia bango kwa maziwa na mtori wa ndizi upate nguvu, nawe ukanywa kwa kunihurumia, machozi yanakutoka. Shuleni uliacha kuomba ruhusa ya chooni kwa sababu walikucheka. Gauni la kanisani tulilipunguza mara mbili. Majirani wakanong'ona kuhusu ule ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu miaka ile.

Tulipokufikisha hospitali kule Moshi mjini, hukuweza hata kusimama. Daktari alikupima kwa mpira wenye taa, kisha akaniita pembeni. Utumbo wako mpana ulijaa vidonda ambavyo havikuletwa na mdudu yeyote. Mwili ulikuwa unajishambulia wenyewe. Akanitajia jina lake la Kizungu. "Ni ugonjwa wa Ulaya, mama. Vitabu vinasema huku kwetu haupo." Haupo! Na wewe umelala pale mbele yake. Siku nne baadaye tulikuzika migombani.

Matanga yalipoisha nilikwenda zahanati nikaomba daftari. Kila ulipofika, uliandikwa mgonjwa mpya. Kwenye hesabu iliyopelekwa wilayani, kijiji chetu kilikuwa na watoto wengi wa amiba. Tisa kati yao ni wewe. Mwenye ugonjwa wako, hakuna. Sasa vitabu vingejuaje? Na ni wangapi wengine wamelala migombani huku Uru kwa jina la amiba? Hakuna ajuaye, maana hakuna aliyetazama.

Nikamwambia nesi afute, aandike ugonjwa wenyewe. Alipitisha kidole kwenye fomu ya wilaya yenye orodha ya magonjwa, juu hadi chini. Haukuwa na mstari wake. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi, "Basi mama, tumwandike kwenye Mengineyo."

Nilimnyang'anya kalamu. Pembeni, nje ya mistari yao, nikaandika majina yako yote matatu, na ugonjwa wako kama daktari alivyoutaja, kwa herufi kubwa. Akapiga kelele kwamba nimeharibu fomu ya serikali.

Nimeiharibu, ndiyo. Mimi sikuzaa Mengineyo.

Pumzika, mwanangu.

Aliyekuzaa,
Mama