Mkia wa Kinu cha Upepo

Koboko,
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Shamira,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba uvimbe wa mguu wa mama umepungua. Mimi nipo, nakula, nafanya kazi kidogo. Siandiki kwamba sijambo, kwa sababu wewe hunijua hata kwenye karatasi ninapodanganya. Wiki hii nimekupigia simu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza habari za mihogo ya huko kwa wazazi Manibe. Basi nimeona niandike.

Huku mvua zimeanza. Nyumba yenu nimeifunga vizuri na kuku wako wanalishwa na jirani yetu Fatumah. Juzi walikuja kaka zake marehemu mumeo Swadiki wakitaka kuing'oa nguzo ya kinu cha upepo. Walisema ni kitu cha mkosi, na kwamba ndugu yao alijiua mwenyewe kwa kiburi cha ufundi. Niliwaomba wasubiri arobaini ipite. Nasikia na wewe huko unasema kama wao, na hilo limenikosesha raha kabisa.

Najua hukupenda habari za kinu. Shemeji akianza tu kueleza, ulikuwa ukimwuliza kama huo upepo wake utamwoshea na vyombo, naye anacheka. Leo nakuomba univumilie kidogo, maana bila haya hutaelewa ninachotaka kukuambia.

Yale mapanga matatu aliyachonga kwa mbao, upande mmoja bapa, upande wa pili wenye mgongo, ili upepo ukipita yazunguke. Yakizunguka yanazungusha sahani zenye sumaku, sumaku zinapita mbele ya nyaya za shaba zilizoviringwa, na hapo umeme unapatikana na kushuka hadi kwenye betri. Mkia wa nyuma unakigeuza kinu kiukabili upepo. Hayo kila mpita njia aliyaona. Ambalo watu hawakulijua ni kwamba mkia ule ulikuwa na bawaba, kama ya mlango. Swadiki alinieleza kwamba mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane, na hakuna mbao ya kuvumilia hayo. Kwa hiyo upepo ukiwa mkali kinu hugeuka ubavu, mkia hujikunja, na mapanga hupunguza mwendo. Upepo ukitulia, mkia hurudi kwa uzito wake wenyewe. Alikuwa akisema kinu bila bawaba ile ni lori bila breki.

Sasa kumbuka Fatumah alipofiwa na mumewe. Swadiki alikuwa Oraba siku zile, anawafungia watu taa. Taa za matangani zilitoka kwenye betri zetu, kwa hiyo kinu hakikuweza kusimamishwa. Lakini bawaba ilikuwa kavu, na kila ilipojikunja ilitoa sauti nyembamba, kama ya mwanamke anayelia. Mama mzazi wa marehemu aliniita, akaniambia, “Hii chuma yenu iko nalia kama mutu. Sisi nalia mutoto yetu. Yeye nalia nani?” Niliona aibu mno. Grisi ilikuwa imekwisha. Nikachukua waya, nikapanda juu, nikaifunga ile bawaba mizunguko mingi mpaka ikanyamaza. Wanawake walinishukuru, na wewe mwenyewe uliniletea sahani ya wali ukasema leo nimekuwa mtu mzima.

Nilikusudia kuufungua waya ule siku ya kuanua matanga. Siku hiyo ilipofika nikasema kesho. Swadiki aliporudi sikumwambia, kwa sababu alikuwa amenikataza kugusa kitu chochote kule juu asipokuwepo. Nikawa nangoja asafiri tena niufungue kimyakimya. Hakusafiri tena.

Jumapili ile upepo ulipotangulia mvua, alisimama uani anauangalia mkia. Wewe ulikuwa unaanua nguo. Mapanga yalikuwa yakivuma hata mabati yanatetemeka. Aliniuliza kwa nini mkia haujikunji. Dada, nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimwambia pengine ni kutu. Basi akaenda chini ya nguzo kuziunganisha zile nyaya, maana hiyo nayo ni njia ya kukifunga breki, na hapo ndipo panga likavunjika, likamwangukia. Yaliyofuata uliyaona.

Upepo ulipotulia, ninyi mkiwa mmemzunguka, nilipanda nikakata waya nikautia mfukoni. Walioniona walidhani nakagua. Baadaye mzee wa mtaa aliuvuta mkia kwa kamba, ukajikunja bila shida, akasema basi kosa ni la mapanga, yalichongwa vibaya. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, nikatikisa kichwa kukubali.

Mapanga yalichongwa vizuri. Mumeo hakuwa mzembe wala hakuwa na kiburi. Kazi yake ilikuwa safi, na mimi ndiye niliyeiharibu, kisha nikamwachia lawama akiwa kaburini. Siku ya arobaini nitasimama mbele ya kaka zake na watu wote niyaseme haya, na imamu nimeshamwarifu. Nilitaka wewe uyasikie kabla yao. Wakitaka kunipeleka polisi, nitakwenda. Ukisema nisikanyage tena Manibe, sitakanyaga, wala sitamtuma mtu aje kuniombea kwako.

Nisalimie baba na mama, na uwape pole kwa ajili yangu, maana nao watayabeba haya. Wasalimie wote wanaoniulizia. Mama aliniambia binti yako mkubwa anauliza kila siku baba alikosea wapi, nawe unamjibu kwamba hakuwa mwangalifu. Mwambie baba yake aliuliza swali lililopaswa kuulizwa, na mjomba wake ndiye aliyemjibu uongo.

Ni mimi mdogo wako,
Afedra