Matawi Barabarani Vårby

Bredäng, Stockholm
Februari

Mke wangu mpenzi, Mama Wakesho,

Pokea salamu zenye joto, maana joto lote nimekutumia wewe, mimi nimebaki na koti. Hujambo huko Voi? Mgongo wa mama umepoa? Na Wakesho, bado hanywi uji mpaka aambiwe baba yake anaunywa Ulaya? Mwambie naunywa. Ni uongo mdogo, Mungu atanisamehe.

Mimi ni mzima na sura bado iko. Kwenye treni watu wananitazama, halafu wanatazama dirishani. Nadhani ni wivu.

Wiki mbili zilizopita kadi ya simu iliisha ukiwa unaniuliza kwa nini nina wasiwasi na kazi, na lori halijaanguka wala sijagombana na mtu. Sasa nakueleza kwa kalamu.

Tajiri wangu Deo, yule Mrundi anayekaa Hässelby, ana malori matatu tu. Huku polisi akikusimamisha akakagua gari, analoliona haliishii kwako dereva. Linaandikwa kwa jina la kampuni. Tairi kipara, breki mbovu, dereva aliyekatisha saa za kupumzika, yote yanakwenda serikalini, na yakizidi kampuni inahesabiwa kuwa ya hatari. Hapo malori yake yanasimamishwa kila kona, maofisa wanakuja kupekua mpaka ofisini, na wenye mizigo wakisikia wanahama. Wenzangu wawili walishatuchafua, mmoja kwa tairi kipara, mwingine kwa saa za mapumziko. Mwenye ghala la maziwa, mteja wetu mkubwa, akamwambia Deo kwamba doa moja tena, anachukua mzigo wake. Na mzigo huo ndio ninaobeba mimi. Ukiondoka, lori langu linaegeshwa. Lori likiegeshwa, ofisi ya uhamiaji itaona sina kazi, na wewe na mtoto hamji. Umeona kilichoninyima raha?

Deo akaniita. "Weye Kenya, mdomo unao, najua. Barabarani mimi nataka mikono. Usinichafulie."

"Tajiri," nikamwambia, "mimi nimeendesha Mombasa mpaka Malaba, watu waliona vumbi tu."

"Ndiyo ninachoogopa!"

Basi wiki iliyopita natoka Vårby na tela limejaa, tairi la nyuma likapiga pancha kwenye kibarabara chembamba chenye kona. Saa kumi na moja jioni na giza limeshaanza, ndivyo nchi hii ilivyo. Nikawasha taa za tahadhari, nikavaa koti la kung'aa, nikaweka pembetatu nyekundu kama sheria inavyotaka, nikawapigia watu wa matairi. Wakasema nisubiri. Nikaitazama ile pembetatu, iko peke yake kwenye theluji. Nikaona haya kwa niaba yake. Dereva mzima wa Voi akwame bila majani barabarani? Pembeni kulikuwa na matawi yaliyovunjwa na theluji. Nikayaburuta, nikayapanga nyuma ya lori kwa nafasi, tawi, tawi, tawi, kama tunavyofanya kwetu, anayekuja ajue mbele kuna mwenzake. Pakapendeza kama Jumapili ya Matawi.

Magari yakapunguza mwendo, yakazunguka, hakuna aliyesimama. Lililosimama lilikuwa la polisi. Mtu alikuwa amewapigia kwamba kuna jamaa anafunga barabara kwa miti.

Akashuka polisi mwanamke, mtu mzima, na tochi yake. "Nani ameleta msitu hapa?"

"Mimi, afande."

"Kwa nini?"

"Kwetu ni alama. Inasema, ndugu yangu pole pole, nimekwama."

"Pembetatu inasema hivyo hivyo."

"Inasema, ila kwa sauti ndogo."

Hakucheka. Aliniamuru niyatoe yote, na nilipomaliza akasema kwa kuwa tuko hapa atakagua gari zima. Mama Wakesho! Nikaona mnakosa kuja Ulaya kwa sababu ya matawi.

Akaanza na lile tairi. Akapiga magoti kwenye theluji, akamulika, akapima, akamulika tena. Mwisho akanionyesha msumari. "Tairi ni zuri. Hii ni bahati mbaya tu." Akaenda kwenye breki, taa, mikanda ya kufungia mzigo, nami namfuata nikiongea. Niliongea, mke wangu! Voi, mgongo wa mama, wewe, Wakesho na uji wake. Baadaye ndipo nikatambua kwamba tangu kutoka kanisani Jumapili sikuwa nimesema na mtu zaidi ya salamu. Hapa ninapopanga, jirani akinisikia kwenye ngazi anangoja nipite ndipo afungue mlango. Yule polisi angeniambia tukague na injini, ningefurahi.

Mwisho akachukua kadi yangu ya dereva, ile inayotunza saa za kuendesha na za kupumzika, akaisoma kwenye mashine yake. Akairudia.

"Hujawahi kukatisha mapumziko," akasema. "Wengi huiba kidogo wakielekea nyumbani. Wewe unawezaje?"

"Nidhamu ya Kenya," nikamjibu, kifua mbele.

Akaandika kwamba hakuna kosa. Deo alipoiona ile karatasi alinikumbatia. "Kenya, umetuosha! Na usafi nao unaandikwa!" Mwenye maziwa amekubali kuendelea nasi, na Deo ameniandikia barua ya kazi. Nimeipeleka uhamiaji, tunangoja.

Lakini wewe nisikudanganye. Si nidhamu. Saa ya kupumzika inakwisha na mimi bado nimekaa kwenye usukani, sioni ninakowahi. Wanaoiba dakika wana mtu aliyefunika sahani mezani. Mimi nikifika Bredäng nawasha taa mwenyewe. Kampuni nzima imesifiwa kwa sababu sina anayenisubiri. Njoo, mke wangu. Saa zao nitaziheshimu vile vile, ila nataka nizihesabu kando ya barabara nikiwa nimekasirika kwa kuchelewa chakula chako.

Nisalimie mama, umkande mgongo kwa niaba yangu. Msalimie shemeji Mwakio fundi baiskeli, na mama mkwe aliyesema sitafika mbali. Wakesho mbusu kwenye paji, hata akikimbia.

Ni mimi mumeo, ambaye bado hana haraka,

Baba Wakesho