Mkanda wa Meno Mafupi

Saint-Josse,
Brussels, Ubelgiji.
5 Januari 2011

Mpendwa Mama Mdogo Evaline,

Shikamoo mama. Kamwene! Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa barazani, goti limetulia, na ukungu wa Mufindi umekuachia angalau kijua cha kuanikia nguo. Kifua je? Ile dawa ya Rukiya ilikusaidia, au ilikuwa maneno matupu kama ile ya mwaka juzi? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Wambui anakohoa kidogo, lakini mdomo haujaugua. Tangu nishike kalamu hajaacha kunitania. Dominic ni mzima kabisa, mama, anakula kama mchwa. Nimeanza na hilo kwa makusudi.

Siku ya Krismasi ulitukatia simu. Hatukukasirika. Ulisema roho ya mtu haijadiliwi kwa simu, nikae chini nikuandikie kila kitu, ukisoma na miwani yako ndipo utajua kama utampa mwanao baraka au utamnyima. Haya, nimekaa chini. Dominic ameapa kwamba bila neno lako haendi Sweden kwenye hayo mashindano ya mwezi wa tatu, na wewe unamjua, yule akiapa ameapa.

Kwanza nikueleze chombo chenyewe, maana kwenye simu ulidhani ni pikipiki. Ni pikipiki ya theluji, lakini haina hata gurudumu moja. Mbele ina mbao mbili za kutelezea, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama mnyororo wa katapila. Mkanda una meno kwa nje, nayo hukwangua theluji na kuisukuma mashine mbele. Kwa hiyo uhai wa dereva uko kwenye mkanda. Ukikatika katika mwendo mkali unaweza kujisokota ndani, mashine ikasimama ghafla na dereva akaendelea peke yake hewani. Sikufichi, mama, uliniambia nisikufiche.

Mashine ni ya Tharcisse, Mkongo wa kutoka Likasi huko Katanga, mwenye gereji pale Molenbeek kando ya mfereji. Ndiye tajiri wangu. Aliinunua ikiwa mfu, tukaifufua pamoja. Mashindano yanafanyika juu ya ziwa. Ndiyo, juu ya ziwa! Unakumbuka ile baridi ya Julai iliyounguza chai yote ya bondeni, tukaamka majani yamekuwa meusi na wewe ukasema Mungu amepita usiku? Kule Sweden amekaa kabisa, mama, hajapita. Ziwa linaganda mpaka malori yanapita juu yake. Tharcisse alinionyesha picha. Mpaka leo nikiwaza maji yanayobeba lori, mwili unanisisimka.

Sasa kwa nini Dominic. Hapa naomba usome polepole. Tangu baba yake afariki na aje kwetu kusoma, mtoto huyu alikuwa anaishi kama mgeni. Anajibu akiulizwa, anaosha vyombo, anakwenda chuo, basi. Wambui alikuwa akimpikia mukimo, viazi vya kupondwa vya kwao, amchokoze aseme ni chakula cha watu wasio na meno, wapi. Mwezi wa kumi na mbili theluji ilipoanguka nyingi, tukaipeleka mashine huko vilimani Ardennes, kwenye shamba la mkulima rafiki yake Tharcisse. Dominic akaomba ajaribu. Alizunguka shamba, akarudi, akavua kofia ngumu, akawa anacheka. Mama, kicheko cha baba yake kilekile, cha kushika tumbo! Nilisahau kwamba ameshawahi kuwa na kicheko. Nikageuka nikajifanya nafunga buti.

Sasa kosa letu. Mkanda wa zamani ulikuwa umezeeka, ikabidi tuchague mwingine kabla ya kujaribu mwendo mkali. Tharcisse alikuwa na mikanda kadhaa imening'inia ukutani, na mmoja wake ulikuwa na meno marefu, marefu kama kidole changu cha kati. Nikaupenda hapo hapo. Dominic akaupenda. Tharcisse naye akasema, "Bon, iyi ndiyo mukanda ya kweli, angalia meno!" Unaona kilichotukuta? Wahehe wawili na mtu wa Katanga, wote tumelelewa na tope. Kwetu gari la masika ni lile la tairi zenye meno marefu, na mwenye meno yaliyolika analala njiani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba theluji iliyoshindiliwa siyo barabara ya Mafinga mwezi wa nne.

Tukaufunga, tukarudi shambani, Dominic akaupanda. Mwendo wa wastani ulikuwa mzuri. Alipokandamiza mafuta tukasikia mlio umebadilika, mashine ikaanza kutetemeka, na vitu vyeusi vikawa vinaruka nyuma yake. Yalikuwa meno. Jino refu kwenye sakafu ngumu halina pa kuzama, linajikunja na kujikunjua, linapata moto, mwishowe linang'oka. Alisimama salama, namshukuru Mungu, lakini mpira ulikuwa unanuka kama umetoka jikoni. Tharcisse alishika kichwa. "Tito, tulitaka kuua mutoto ya bantu," akasema, kisha akaketi kwenye theluji kama mtu aliyefiwa.

Jino moja nililiokota, limo ndani ya bahasha hii. Lishike uone lilivyochanika shinani.

Hayo ndiyo Dominic aliyokusimulia siku ya Krismasi, kwa sababu hajui kuficha, nawe ukauliza kwa sauti ile yako ya chini, "Na wewe Tito, mkanda huo ungeupanda?" Nikatafuta jibu, na kabla sijalipata ukaniambia niandike, ukakata simu. Wali wa Krismasi ulinishinda, mama. Wewe ndiye uliyenichukua mama yangu alipofariki, ukanilaza kitanda kimoja na huyo Dominic, na leo nilikuwa namweka juu ya kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekikalia.

Gereji ilipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja kwenye ule ukuta. Mikanda ya meno mafupi ilikuwa miwili. Mmoja mweusi unang'aa, mwepesi, wa kuvutia. Wa pili umepauka na mzito, kuubeba ni kazi ya watu wawili. Dominic alitaka mwepesi, kwa sababu wepesi ni mbio.  Ndipo nikakukumbuka wewe sokoni, unavyochagua kikapu cha kuchumia chai. Hukitazami uso hata kidogo. Unakigeuza, unaingiza kichwa ndani, muuzaji anakasirika, nawe unasema, "Kikapu hakikatiki tumbo, hukatika kilipofungwa." Mimi nilikuwa nakufa kwa aibu utotoni.

Basi nikaigeuza mikanda yote miwili ndani nje. Ndani ya mkanda kuna matundu kama madirisha, na kwenye kingo zake hubanwa vipande vya chuma vinavyosuguana na reli za mashine. Ule unaong'aa ulikuwa na chuma dirisha moja, mawili yanayofuata hayana kitu, na kitambaa kilichozikwa ndani ya mpira kilikuwa tabaka moja tu. Ule uliopauka ulikuwa na chuma kila dirisha, bila kuruka hata moja, na kitambaa tabaka mbili. Nikaukunja kila mahali nikitafuta nyufa, nikapitisha kidole kwenye kila ufito wa ndani unaokaza mpira, nikanusa. Haukuwa na kasoro. Umepauka kwa kukaa juani, si kwa kazi.

Tharcisse alinitazama muda wote huo. Kisha akauliza, "Nani alikufundisha vile?" Nikamwambia, mama yangu, mchuma chai. Akavua kofia yake, mama. Akasema, "Alors, maman ndiye amechagua." Dominic hakubisha tena habari ya uzito. Tukaufunga uleule, Tharcisse akaupigilia njumu za chuma kwa ajili ya barafu, jambo ambalo mkanda wa tabaka moja usingelistahimili, ungechanika kama khanga ya zamani.

Nasikia Wambui ananiambia nimeandika kama fundi na si kama mwana. Nimemwambia anyamaze, sijafika.

Jumapili iliyopita tulirudi kule shambani. Asubuhi nyeupe, hakuna upepo, hakuna ndege, kimya kilichonifanya niseme kwa kunong'ona kama niko kanisani. Dominic akachukua kofia ngumu. Nikamwambia, nipe hiyo. Akadhani natania. Wewe unanijua, mimi ndiye mtoto niliyekuwa nashuka kwenye pikipiki ya mjomba Crispin kwenye mteremko wa kiwandani ili nitembee kwa miguu, mkanicheka kijiji kizima. Nikavaa kofia, nikapanda. Tharcisse akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikaweka kidole kwenye mafuta.

Nikaenda. Mwanzo polepole, kisha nikasema potelea mbali, nikaikandamiza. Kilomita mia na kumi kwa saa, mama! Sijui nikuelezeje. Ardhi ilikuwa haipo. Miti ikawa ukuta mmoja, machozi yananitoka ndani ya kofia, na chini yangu mkanda ule unaimba sauti moja tu, nyororo, haitetemeki, kama cherehani yako inapopita kwenye kitambaa kizuri. Nikawaza: kati yangu na kifo pana mpira wa unene wa chapati, na mpira huo umeshika. Nilipiga kelele. Dominic anasema nilikuwa naita jina la Mungu, Tharcisse anasema nilikuwa naita mama. Huenda wote wako sawa.

Nilipozunguka mara ya mwisho na kusimama, Dominic akanishika kwapani kama mlevi wa ulanzi. Tukaugeuza mkanda tukaukagua ndani. Hata jino moja halikung'oka, hata chuma kimoja hakikulegea. Mpira ulikuwa na uvuguvugu tu, kama mkate uliokwishatoka tanurini.

Basi mama, uliniuliza kama ningeupanda, na Krismasi nilikosa jibu. Jibu ni hili: nimeupanda.

Lakini nilipokuwa juu yake, mahali pale ambapo miti iligeuka ukuta, kitu kilinichoma. Nilikumbuka kwamba wiki nzima nimehangaikia baraka ya Dominic, na yangu sikuiomba. Nilipanda bila kukwambia, kana kwamba una mtoto mmoja tu wa kuhofia. Nisamehe. Naomba unipe na mimi, ingawa nimekwisha kurudi, ndipo umpe mdogo wangu. Ukimnyima, atavua kofia na hatanung'unika, na mimi nitakuwa upande wako.

Nisalimie mjomba Crispin, mwambie mteremko wa kiwandani sasa naushuka hata nimefumba macho. Nisalimie Rukiya na dawa zake. Wambui anasema shikamoo, naye anataka mbegu za maharage uliyomwahidi. Dominic hajaandika kitu, amesema neno lake ni kungoja lako.

Mungu aliyegandisha ziwa likabeba malori akubebe na wewe, goti na kifua, mpaka tukae tena barazani kwako.

Wako akupendaye,
Tito, mwanao mkubwa