Mwita, Ulikuwa Unaniachia

Mwita mdogo wangu,

Nimefungwa saba bila. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na wewe unajua ninavyoweza kuzunguka. Saba bila, pale pale kwenye kibanda cha gemu cha Bhoke, kwenye kiti changu, na pedi yangu nyeusi ya kuchezea mkononi, mbele ya vijana wote wa Nyamwaga wanaoniita Mchambuzi. Aliyenifunga ni nesi wa zahanati, yule dada mwembamba aliyeletwa kutoka Singida, Neema. Alinipa shikamoo kwanza, kwa heshima zote, akakaa, akanifunga.

Ilikuwa bonanza la kukukumbuka. Mahindi yalikuwa yamefika magotini tangu tukuzike, na Bhoke akasema amechoka kuona watu wanainamisha vichwa kila wakipita mlangoni kwake, anataka wacheze kama ulivyopenda. Akaweka mbuzi kwa ajili ya mshindi. Mimi nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia huyo mbuzi amfungie kabisa nyumbani kwangu, asije akapata taabu ya kumhamisha jioni. Watu walicheka, nami nikacheka nao, maana nilikuwa nasema kweli.

Baada ya bao la tatu hakuna aliyekuwa anacheka. Nilisema pedi mbovu, wakaibadilisha. Nilisema jua linapiga kwenye TV, wakashusha turubai. Tukarudia mechi, nikafungwa tano. Ndipo Neema, bila ubaya wowote, akaniambia, "Pole kaka. Hata mimi marehemu alikuwa ananifunga hivi hivi kila Jumamosi ukishaondoka. Yeye ndiye aliyenifundisha." Nikamwambia amekosea mtu. Mwita hajawahi kunifunga, nikasema, sasa angekufunga wewe namna gani? Vijana wakaangalia chini. Mmoja akaanza kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Wote walijua, Mwita. Kibanda kizima kilijua kwamba ninaachiwa, isipokuwa mimi Mchambuzi. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu, na simu haikuwa na chaji. Mbuzi alikwenda Issenye na mwalimu mmoja aliyetushinda wote, akampakata mbele ya pikipiki kama mtoto. Sikukaa kumwona akiondoka, nilisimuliwa tu.

Mwanzoni nilijua kabisa wapi ulitoa tabia hiyo. Kwa mzee wetu, mdogo hatangulii mkubwa. Hukuingia tohara mpaka mimi nimeingia. Hukuoa mpaka nimeoa, ingawa Robhi wako alikuwa tayari na mimi nilikuwa bado nachaguachagua na kukuchelewesha. Nyama ikiiva, mkono wako ulisubiri wangu. Lakini nani alikuambia mambo hayo yanaingia mpaka ndani ya TV? Mzee hakuwahi hata kuiona pedi. Nilicheka peke yangu kwenye mashine yangu ya kusaga nikiwaza hivyo, halafu aibu ikanirudia, kwa sababu kulikuwa na mama amesimama na debe lake la mahindi ananitazama.

Kinachoniuma si mabao. Nataka kujua kama ulikuwa unacheza nami au ulikuwa unanihudumia. Kama ulikuwa unanihudumia, basi kila Jumamosi ulikuwa kazini na mimi nilikuwa mzigo wako, na ile raha niliyodhani ni yetu wawili ilikuwa yangu peke yangu. Nimebeba swali hilo siku nzima nikisaga unga wa watu, na wiki hii nimesaga vibaya, wamelalamika.

Kwa hiyo nimeona nikupe maoni yangu ya kweli kuhusu yale magemu. Yote niliyokuwa nayasema nikiwa nimesimama mlangoni kwa Bhoke, mikono kiunoni, yalikuwa maoni ya mtu anayeachiwa.

Gemu la mpira nilisema ni jepesi. Nilisema mabeki ni kujaza uwanja tu, na kwamba anayekaba ni mwoga. Maoni yangu ya kweli ni kwamba ni gumu kuliko kulima na maksai wasiofundishwa. Ukimtoa beki kwenye nafasi yake kidogo tu, mtu ameshapita. Mimi sijui kukaba. Hata kitufe cha kukabia nilikuwa sikijui, Neema ndiye amenionyesha juzi. Sikuwahi kukihitaji, kwa sababu ukifika golini kwangu ulikuwa unapiga nje, unashika kichwa, unasema, "Aa, kaka, leo mguu umekataa." Na mimi nilikuwa nakupa ushauri! Nilikufundisha kupiga mashuti, Mwita. Nilikuwa nakuelekeza kidole kwa kidole, na wewe unaitikia, "Sawa kaka, nimeelewa." Nikikumbuka hapo natamani ardhi inimeze.

Gemu la magari nilisema limetengenezwa vibaya. Nilitangaza kwamba ile kona ya baada ya daraja ina kasoro, inamwangusha kila mtu, maana hata wewe ulikuwa unaanguka pale pale ninapoanguka mimi. Nimekwenda kulicheza peke yangu asubuhi, Bhoke akiwa bado anafagia. Kona haina kasoro yoyote. Inataka breki, na mimi nilishawaambia watu kwamba breki ni za wazee. Kwa hiyo ulikuwa unaniona nimetumbukia mtoni, gari lako liko salama juu ya barabara, na wewe unageuza usukani unanifuata majini. Nililirudia mara nyingi nikijaribu kuelewa mtu anafanyaje hivyo bila kucheka.

La ngumi sina mengi. Nilisema kitufe kimoja kinatosha, na kweli kilitosha, kwa sababu wewe ulikuwa unasimama upigwe. Wanafunzi waliocheza nami wiki iliyopita hawakusimama.

Limebaki lile la shamba, la kwenye simu yako, ambalo nililidharau kuliko yote. Nilisema mwanaume mwenye ng'ombe zizini hawezi kukaa anachunga ng'ombe wa kwenye kioo. Na kasoro zake bado naziona. Ng'ombe wao wanatoa maziwa bila kuzaa, hawajui kupe, hakuna anayekuja kuwaiba, na mahindi yanaiva kabla hujamaliza chai. Aliyelitengeneza hajawahi kukamua. Lakini Robhi alinipa simu yako niiwekee chaji, maana watoto wanapenda kuangalia picha zako, na nikalifungua. Nimekuta ng'ombe wako wote umewapa majina ya ng'ombe wa mzee, wale tuliowachunga mimi na wewe, mpaka yule mkorofi aliyekuwa anatupeleka kwenye mashamba ya watu tunachapwa sisi. Basi nikakaa nikawalisha. Maoni yangu ya kweli ni kwamba hilo ndilo gemu zuri kuliko yote tuliyowahi kuyagusa, kwa sababu halina wa kushinda. Ulinikaribisha mara nyingi tukae tulicheze, nikakujibu sichezi michezo ya watoto.

Robhi hajambo. Amenyamaza sana lakini anakula. Ng'ombe wako mweusi amezaa jike, watoto wamegombania jina mpaka wamelia. Mwanao mkubwa amerefuka, suruali zako zitamfaa karibuni. Nilitaka nikupe habari hizi kwa utulivu, ila kila nikianza narudi kwenye kile kibanda.

Juzi nilimuuliza Bhoke. Nilimuuliza bila kumtazama usoni kwa nini uliniachia miaka yote, nikitegemea atasema ni heshima ya kaka. Alikuwa anapangusa vumbi kwenye TV. Akaniambia, kama tunavyoitana vijana wa Kikurya, "Mura, umesahau ulivyorusha pedi?"

Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimejisahaulisha. Ulinifunga mara moja, mwanzo kabisa, Bhoke alipofungua kibanda. Bao moja la dakika za mwisho. Niliitupa pedi ukutani ikapasuka, nikakuita jina ambalo siwezi kuliandika hapa, nikaondoka, na msimu mzima sikukanyaga pale. Kwako pia sikuja. Tulikuwa tunaishi umbali wa kuitana, na nikasingizia mashine. Bhoke anasema ulikwenda kumwomba radhi kwa niaba yangu, na alipokuuliza utafanyaje na kaka wa namna hii, ulimjibu, "Akirudi nitajua cha kufanya. Mimi nataka akae tu."

Kwa hiyo si mzee wala si mila. Ni hasira zangu. Ulitafuta njia ya kukaa karibu nami ukaona iliyopo ni moja, uwe unashindwa. Na kweli, Mwita, tukiwa nje ya kile kibanda tulikuwa tunaongea nini? Mvua, dawa ya kuogesha ng'ombe, basi. Habari ya ini lako uliniambia tukiwa tumeshika pedi. Uliisema katikati ya mechi, macho kwenye TV, na mimi nilisubiri mpira utoke ndipo nikakuuliza daktari amesemaje.

Sasa lile la hospitali, ambalo kati ya hayo yote ndilo linalonifanya nishindwe kula.

Siku ile nilipokuja Tarime kukuona, macho yako yalikuwa yamekuwa ya njano na vidole vinatetemeka. Tulicheza penati kwenye simu, tunapokezana juu ya shuka, wewe unapiga nadaka, mimi napiga unadaka. Nilikufunga zote. Na nilishangilia. Nilisimama katikati ya wodi nikanyoosha mikono juu, mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, nesi akaja kunikemea. Wewe ulitabasamu ukasema, "Kaka, huwezekani." Nikapanda gari nikarudi Nyamwaga, na sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda kwa Bhoke kuwatangazia kwamba nimekupiga hata kitandani. Sasa naelewa kwa nini hakuna aliyeshangilia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyokuona ukipumua.

Tangu bonanza lile nimekuwa nikitafuta angalau mechi moja niliyokushinda kweli. Mtu huwezi kuwa umeachiwa zote, nilijiambia. Nimezipitia kichwani, nikikumbuka mikono yako na uso wako, nikitafuta pale ulipojitahidi ukashindwa. Nimeipata moja tu inayoweza kuwa hivyo, na ni ile ya hospitali. Siitaki, Mwita. Nakuomba na ile iwe uliniachia. Nakuomba iwe vidole vyako vilikuwa bado na nguvu ya kunifunga ukakataa tu, kwa mazoea yako. Maana kama havikuwa nayo, basi nilisimama wodini nikashangilia ndugu yangu anakufa.

Pumzika, mdogo wangu. Pumzika hata na ile kazi ya kuniangalia, umeifanya vya kutosha.

Jumamosi hii nimewaita vijana kwa Bhoke. Nitawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe nani alikuwa bingwa wa kile kibanda, wanaojua na wasiojua. Jina la Mchambuzi nalirudisha, wampe Neema kama atalitaka. Kisha nitakaa nicheze naye, na atanifunga, kwa sababu bado sijui kukaba. Ninalokuahidi ni hili. Akimaliza kunifunga nitabaki kwenye kiti, nitamwambia hongera, na nitamwomba tuanze nyingine.

Kaka yako aliyekuwa anafungwa siku zote bila kujua,

Chacha