Maradhi ya Kujitakia

Jumamosi, asubuhi. Mvua imekatika, na vichochoro vya Ngamiani vinanukia udongo mbichi. Moyo wangu mwepesi.

Shajara yangu mpendwa, pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi kwa kimya cha siku tisa. Sikuwa kitandani wala safarini. Nilikuwa naona haya.

Tangu hospitali ya serikali ianze kututaka tuchangie matibabu, mtaa wetu umeunda mfuko: kila nyumba hutoa kidogo kila mwezi, na anayeugua hulipiwa. Nilipewa ukatibu kwa sababu ya mwandiko niliofunzwa na mapadre. Nami, bila kuombwa na mtu, nikapendekeza kifungu: mwenye maradhi ya kujitakia atoe maradufu.

Nilimlenga Hamadi, seremala Mpemba tunayepakana naye ukuta. Sigara haimtoki mdomoni, na kikohozi chake hunifikia kitandani. Niliamini ni haki. Hamadi hakubisha. Alisema tu kwamba maradufu hayawezi. Basi atajitoa, na kifua chake atamwachia Mungu.

Jana alasiri tulikutana barazani kwa Hamadi kupitisha kifungu hicho. Ikaletwa chai. Bi Mwanaheri, muuza vitumbua na mweka hazina wetu, akawa ananitazama nikitia sukari.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Hicho kijiko cha nne umeandikiwa na Mungu, au cha kujitakia?"

Baraza zima likacheka. Hamadi alicheka mpaka akapaliwa. "Mwandikeni na yeye," akasema, "tulipe maradufu wawili. Peke yangu naona upweke."

Nilicheka nao. Lakini hawakujua lile tunalolijua wewe na mimi tu: siku tisa zilizopita daktari aliniambia kwamba nina sukari.

Neno ni hilo hilo moja, la koponi na la damuni.

Ile miaka ya foleni za sukari, mimi na marehemu mke wangu tulikunywa chai tukiing'atia tende, tukaapa kwamba maduka yakijaa tena hatutahesabu vijiko. Maduka yamejaa. Yeye hayupo, nami nimekuwa nikinywa kwa niaba ya wawili. Je, hayo ni ya kujitakia? Huenda. Na sigara ya Hamadi ilianzia katika huzuni gani? Miaka yote ya ujirani sijapata kumwuliza.

Kikao kiliahirishwa kwa vicheko, nami sikuthubutu kusema.

Leo nimeandika barua. Nimekiri ugonjwa wangu, nimekifuta kifungu, nimeomba kila nyumba itoe sawa, na nimemsihi Hamadi asijitoe. Ni hatua saba kutoka mlango wangu hadi wake, lakini uso wangu haujawa tayari kuzitembea. Ataipeleka Bi Mwanaheri. Sikuifunga bahasha, maana ataifungua tu. Na ni haki yake kucheka wa kwanza.